Sura ya Sita: Kifaru Kimoja, Siku Moja

Aprili 1943, katika vilima vilivyo karibu na mji wa Medjez el Bab, kaskazini mwa Tunisia, mzinga wa Waingereza wa pauni 6 ulifyatua risasi ya chuma kitupu ikagonga upande wa chini wa mtutu wa kifaru kimoja cha Kijerumani. Haikuutoboa. Iliteleza ikashuka, ikajipenyeza pale kichwa cha kifaru kinapokutana na kiwiliwili, na kichwa kikakwama. Dereva na mpiga bunduki aliyekaa ubavuni pake wakajeruhiwa, redio ikavunjika. Risasi ya pili iligonga kishikio cha chuma cha kuinulia kichwa, na mtambo wa kupandisha na kushusha mzinga ukaharibika. Ya tatu ikapiga mfuniko wa mpakiaji, vipande vikaruka ndani. Watu watano waliokuwemo wakatoka na majeruhi wao, wakakiacha kifaru kikiwa bado kinaweza kutembea.

Kilikuwa Tiger, na ubavuni mwa kichwa chake kiliandikwa namba 131. Kilitoka kiwanda cha Henschel mjini Kassel Februari mwaka huohuo, kikapelekwa Tunisia katika kikosi cha 504 cha vifaru vizito. Mfalme George wa Sita na Winston Churchill walikitazama mjini Tunis, na Oktoba kikasafirishwa Uingereza kwenda kuchunguzwa bolti kwa bolti. Mwaka 1951 kilikabidhiwa jumba la makumbusho ya vifaru la Bovington, na mwaka 2003, baada ya ukarabati mrefu, kikatembea tena kwa injini. Walioangalia filamu ya Fury ya 2014 wamekiona.

Nimekichagua kifaru hiki kwa sababu kinafundisha jambo ambalo sura hii nzima inalisimamia. Wengi wanaoanza kazi ya mifano husema wanajenga "Tiger". Zilitengenezwa Tiger za aina hii 1,347, na hakuna hata moja iliyokuwa Tiger tu. Kila moja ilikuwa na mwezi wake wa kuzaliwa, watu wake, matope yake na mikwaruzo yake. Mfano ulio bora ni wa kifaru kimoja katika siku moja. Kila kipande unachokibandika na kila tone la rangi ni dai kuhusu siku hiyo, na dai huombwa ushahidi. Ukilishika hilo, maswali yanayowasumbua wajenzi wengi, yaani rangi ipi, kutu kiasi gani, udongo gani, yanaanza kujijibu yenyewe.

Kugawanya kwa 35

Skeli inayotawala mifano ya vifaru ni 1:35, na chanzo chake ni betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza mfano wa kifaru cha Panther uliotembea kwa mota. Ukubwa wake uliamuliwa na nafasi iliyohitajika kukaa betri mbili ndani. Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kampuni hiyo, ameeleza kwamba walipopima baadaye waliona wamefika takriban 1:35. Mfano ulinunuliwa sana, mingine ikafuata kwa kipimo hichohicho, na viwanda vingine navyo vikaingia njia hiyo.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni hesabu. Tiger ina urefu wa mita 8.45 pamoja na mtutu. Mezani kwako itakuwa na sentimita 24. Kimo chake cha mita 3 kinakuwa sentimita 8.6. Mtu wa mita 1.75 anakuwa na sentimita 5 kamili. Bamba la mbele, lile la milimita 100 lililowatia hofu wapiga mizinga wa nchi nyingi, halifiki milimita 3.

Hesabu hii ndiyo itakayokuonyesha mahali boksi la vipande vya plastiki linapokudanganya. Chukua madigadi. Bati lenye unene wa milimita 3, likigawanywa kwa 35, halifikii hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Plastiki haimwagiki kwenye kalibu ikawa nyembamba hivyo, kwa hiyo kiwanda kinakupa kipande cha milimita moja. Milimita moja hapo ni sawa na chuma cha milimita 35, unene ambao vifaru vyepesi vya siku zile vingeuonea fahari kama deraya. Jicho la mtazamaji halijui hesabu hii, lakini linahisi kwamba kitu hakikai sawa. Dawa ni ama kukwangua ukingo wa kipande kwa nyuma hadi uonekane mwembamba, ama kukibadilisha kwa bati la shaba ya njano, lile linalochongwa kwa tindikali na kuuzwa kwa ajili ya kazi hii. Bati lina faida nyingine: linapinda kama bati. Madigadi yaliyogonga ukuta wa shamba yatakunjamana kwa namna ambayo plastiki haiwezi kuiga.

Kusoma ushahidi kabla ya gundi

Tiger ilitengenezwa kuanzia Agosti 1942 hadi Agosti 1944, na katika miaka hiyo miwili kiwanda hakikuacha kuibadilisha. Anayejenga lazima ajue mwezi wa kifaru chake kabla hajakata kipande hata kimoja kutoka kwenye fremu, kwa sababu maboksi mengi huja na vipande vya miezi tofauti.

Kwa namba 131 mambo ni haya. Kuba ya kamanda ni ile ndefu ya mwanzo yenye matundu membamba ya kuchungulia. Kuba fupi iliyofuata iliingia katikati ya 1943, kifaru hiki kikiwa tayari mikononi mwa Waingereza. Magurudumu yamevikwa mpira. Yale ya chuma kitupu yalikuja 1944. Upande wa kulia nyuma ya kichwa kuna mlango wa duara wa kutorokea. Mbavuni mwa kichwa kuna mirija ya kurushia mabomu ya moshi, mitatu kila upande. Nyuma ya kiwiliwili kuna machujio makubwa ya hewa, aina ya Feifel, yaliyowekwa kwa ajili ya nchi zenye vumbi jingi. Na mabamba yake ni laini: ule ubandiko wenye mistari uitwao zimmerit, uliokusudiwa kuzuia mabomu ya sumaku yasinate, ulianza kupakwa baadaye mwaka huohuo. Mfano wa Tiger ya Tunisia wenye zimmerit umekosea hata kama umepakwa rangi kwa ustadi wa ajabu.

Ushahidi wenyewe una madaraja. Picha iliyopigwa siku ya tukio au wiki ile ndiyo ya kwanza. Zinafuata ripoti za wakati ule. Kwa kifaru hiki tuna bahati, kwani Waingereza walikichambua katika shule yao ya vifaru huko Chertsey na kuandika walichokiona kwa kina. Halafu chuma chenyewe, ambacho unaweza kukitazama Bovington hadi leo, ila kwa tahadhari: mashine iliyokarabatiwa imebadilishwa vipande, imepakwa rangi upya zaidi ya mara moja, na baadhi ya vifaa vya nje vilipotea zamani. Mwisho kabisa ni picha za Tiger nyingine za mwezi uleule. Ukiishiwa na yote hayo ndipo unaruhusiwa kukisia, na kisio jema ni lile linalofuata mazoea ya kikosi chenyewe.

Hata tarehe inataka uangalifu. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba kifaru hiki kilitekwa 21 Aprili mahali paitwapo Djebel Djaffa. Utafiti wa baadaye, uliolinganisha picha na umbo la vilima, umeipeleka siku hiyo kwenye 24 Aprili, katika kilima cha Gueriat el Atach ambacho ramani za jeshi zilikiita Point 174. Siku tatu na kilima kingine. Kwa mwanahistoria ni marekebisho ya ukurasa; kwako wewe ni mabadiliko ya ardhi utakayoijenga chini ya minyororo.

Magurudumu 48

Sehemu ngumu ya Tiger iko chini. Kila upande una ekseli 8, na kila ekseli imebeba magurudumu matatu. Jumla ni 48, nayo hayakupangwa kwa mstari. Yamelaliana kama vigae vya paa, moja likiingia nyuma ya jingine. Wahandisi walifanya hivyo ili uzito wa tani 57 usambae na kifaru kisizame kwenye ardhi laini. Gharama yake waliilipa mafundi wa uwanjani: kubadilisha gurudumu moja la ndani kulitaka kwanza kufungua kadhaa ya nje, na kwenye baridi ya Urusi matope yaliyoganda kati ya magurudumu yaliweza kuyafunga kabisa.

Gharama hiyo inamfikia na mjenzi. Ukiyagundisha magurudumu yote kisha ukataka kuyapaka rangi, hutaweza kufika ndani. Kwa hiyo yapake yakiwa bado yametengana, safu kwa safu. Chuma cha gurudumu kichukue rangi ya kifaru. Mpira wake usiupake mweusi, maana mpira uliotembea kwenye vumbi ni kijivu kilichokolea, na mweusi kamili kwenye kitu kidogo huonekana kama shimo. Safu ya ndani ivishwe vumbi na matope yake kabla ya kufunikwa na ya nje. Mtazamaji ataiona kwa mbali kupitia mapengo tu, lakini mapengo hayo ndiyo yanayoupa upande wa Tiger kina chake.

Mnyororo wa vitani una upana wa milimita 725, yaani milimita 20 na ushei kwako, na pingili 96 kila upande. Tumia pingili zinazounganishwa moja moja ukiweza kuzipata. Mnyororo wa mpira unaokuja na maboksi ya bei nafuu hukaa umekazwa, ilhali mnyororo wa chuma una uzito. Tiger haina vigurudumu vya juu vya kuubeba. Sehemu ya juu ya mnyororo inalala moja kwa moja kwenye migongo ya magurudumu, na kati ya gurudumu la kwanza na lile la meno lililo mbele, linalouvuta, mnyororo unaning'inia kidogo. Mnyororo ukikosa uzito huo, kifaru kizima kinaelea, na hakuna rangi itakayokirudisha chini.

Plastiki iwe chuma

Chuma cha deraya hakifanani pote. Mabamba ya mbele na ya mbavuni yalibanwa kwa roli kiwandani, na uso wake ni tambarare. Ngao ya mzinga ilimiminwa kwenye kalibu, na uso wake una mikunyato midogo kama ya kitu kilichopoa kutoka kwenye uji wa moto. Plastiki ya boksi mara nyingi ni laini pote. Ukitaka kutofautisha, paka gundi ya plastiki iliyo majimaji kwenye ngao peke yake, isubiri ianze kulainisha plastiki, kisha igongegonge kwa brashi ngumu iliyochakaa. Ikikauka, pitisha msasa mwembamba mara moja tu kuondoa ncha. Mabamba ya roli yaache yalivyo.

Viungo vya mabamba vinastahili subira zaidi. Kwenye Tiger mabamba yaliingiliana kwa meno kabla ya kuchomelewa, na ukuta wa kichwa ulikuwa bamba moja refu lililopindwa mfano wa kwato. Mshono wa kuchomelea haukufichwa wala kulainishwa. Uliachwa ukiwa na mawimbi yake. Kuutengeneza, kata uzi mwembamba wa plastiki, ulaze kwenye kiungo, ulowanishe kwa gundi hadi uwe kama nta, kisha ukandamize kwa ncha ya kisu kila nusu milimita, ukiinamisha kisu upande mmoja. Fanya hivyo kiungo kwa kiungo. Hapa ndipo mfano unapoanza kuonyesha kazi ya watu, na ni vema kukumbuka ni watu gani: katika miaka hiyo viwanda vya Henschel mjini Kassel vilitumia wafanyakazi wengi wa kulazimishwa waliochukuliwa kutoka nchi zilizokaliwa. Mstari ule wa kuchomelea unaouiga kwa uangalifu huenda ulipita mikononi mwa mtu ambaye hakutaka kuwa pale.

Vifaa vya nje, yaani sepetu, shoka, jeki na kamba ya waya, vivalishe vishikio vyembamba vya bati la shaba. Kamba yenyewe isiwe ya plastiki. Waya wa shaba uliosokotwa, ule unaoupata ndani ya nyaya za umeme, unalala na kupinda kwa namna ambayo kamba ya kuvutia kifaru hulala na kupinda.

Rangi ya kifaru cha miezi miwili

Piga kwanza praima ya kijivu pote. Praima hukuonyesha mikwaruzo na mianya ambayo jicho liliisamehe, na huipa shaba na plastiki uso mmoja. Fungua dirisha, vaa barakoa. Thina haina urafiki na mapafu.

Rangi ya chini ya namba 131 ni hudhurungi yenye unjano, ile iliyoorodheshwa na Wajerumani kama RAL 8000. Juu yake kuna mabaka ya kijivu chenye ukijani, yasiyotofautiana sana na rangi ya chini. Wengi huyatia nguvu mno wakihofia hayataonekana. Yaache yajifiche, ndiyo ilikuwa kazi yake. Rangi zote zichanganye na nyeupe kidogo, kwa kuwa kitu kidogo hupokea mwanga kidogo, na rangi halisi ikiwekwa juu ya mfano huonekana nzito kuliko ilivyo kwenye kifaru cha mita nane. Pulizia tabaka nyembamba. Juu ya mabamba ya kulala, yanayopigwa na jua, ongeza weupe kidogo. Chini ya mabega ya kichwa na kati ya vifaa iache ikolee.

Kisha paka vanishi ya kung'aa, weka namba 131 kwa stika za maji, nyekundu yenye ukingo mweupe, na uzifunike kwa vanishi tena. Juu ya uso huo laini, rangi ya mafuta ya kahawia iliyoyeyushwa sana kwa tapentaini itakimbia yenyewe kwenye kila kiungo na kuzunguka kila bolti. Iguse kwa ncha ya brashi mahali panapohusika tu. Ukiimwaga pote, utakipaka kifaru chote uchafu wa aina moja, na uchafu wa kweli haugawanyiki sawa hata siku moja.

Sasa kutu. Hapa ndipo kanuni ya kifaru kimoja na siku moja inapokuokoa na mazoea. Mifano mingi ya vifaru imepakwa kutu kana kwamba imelala baharini. Namba 131 kilitoka kiwandani Februari na kikapotea Aprili. Deraya nene yenye rangi ya miezi miwili haiozi. Panapokwaruzwa patang'aa chuma, au patabaki rangi ya kahawia ya praima iliyo chini. Mahali penye haki ya kutu ni mabomba ya moshi nyuma, kwa kuwa moto huunguza rangi yake haraka. Na minyororo, ambayo ilikuwa chuma kisichopakwa, hupata wekundu kidogo ikilala usiku mmoja kwenye umande na kuupoteza ikitembea kilomita chache. Mikwaruzo iweke pale mikono na buti zilipopita: kingo za mifuniko, njia ya dereva ya kupandia, ukingo wa madigadi. Kila mkwaruzo ujiulize nani aliuleta.

Ngano ya Aprili

Neno Tunisia huwafanya wajenzi wengi wachukue mchanga wa manjano. Medjez el Bab iko kwenye bonde la mto Medjerda, ambalo tangu enzi za Warumi ni nchi ya nafaka. Mvua zake huja majira ya baridi, na Aprili mashamba ya ngano yana kijani kibichi, kandokando yake kuna maua ya porini, na udongo wa kahawia unanata kwenye buti. Vilima vina mawe na majani mafupi. Askari walioandika kuhusu majira yale ya kuchipua walishangazwa na uzuri wa mashamba waliyokuwa wakiuana ndani yake.

Kwa hiyo ardhi ya mfano huu iwe ya kijani na kahawia. Matope yaliyokauka yakae kwenye magurudumu na pembeni mwa kiwiliwili, yawe ya rangi ya udongo wa shamba. Vumbi jepesi lije juu yake, kwa sababu barabara zilishaanza kukauka. Changanya poda ya rangi na plasta kidogo, irushie kutoka chini kwenda juu kwa brashi ngumu, jinsi mnyororo unavyorusha. Nyuma ya kifaru weka alama mbili za minyororo zilizolaza ngano, upana wake uwe uleule wa milimita 20 na ushei. Ngano hiyo ilikuwa ya mtu. Mkulima wa Kitunisia hakuwa na upande katika ugomvi ule, na shamba lake ndilo lililokuwa uwanja.

Jeraha la mtutu

Tuje kwenye ile risasi. Risasi ya pauni 6 ina kipenyo cha milimita 57. Kwa skeli yetu ni milimita 1.6. Jeraha lake chini ya mtutu si tundu, ni mfereji, kwa kuwa iligonga kwa mshazari ikateleza. Chukua waya ulionyooka, uweke chini ya mtutu, na uuelekeze kuanzia mahali pa mgongano hadi kwenye mwanya ulio kati ya kichwa na kiwiliwili. Huo ndio mstari ulioamua siku ile. Weka alama ya penseli mahali waya unapogusa mtutu, na mahali unapofika chini.

Chonga mfereji kwa tupa ndogo ya duara, usizidishe kina. Chuma kiliumia bila kupasuka. Paka tone la gundi kwenye kingo zake, na plastiki ikilainika isukume kwa sindano kuelekea upande risasi ilikokwenda, ipate midomo midogo iliyoinuka. Chuma kinachopigwa kwa nguvu hiyo hutiririka kidogo, na midomo hiyo ndiyo itakayomwambia mtazamaji mwelekeo bila maandishi. Ndani ya mfereji paka rangi ya chuma kinachong'aa. Usiweke kutu hata chembe: ni jeraha la saa chache. Pembeni yake rangi ya kifaru iwe imebanduka kwa vipande vyenye pembe kali.

Kichwa kilikwama, kigundishe, usikiache kizunguke. Mifuniko iache wazi, kwa sababu watu wametoka. Mlango wa kamanda ukiwa wazi, mtazamaji atachungulia, basi ukuta wa ndani uupake rangi ya pembe za ndovu, kama walivyofanya Wajerumani ili mwanga hafifu wa ndani uwatoshe watu kuona.

Uzito wa tunachokijenga

Kuna swali ambalo mjenzi yeyote wa kifaru cha Wajerumani wa wakati ule anadaiwa jibu lake: kwa nini kutumia ustadi wote huu kwenye silaha ya utawala wa Hitler? Silikwepi. Nadhani hatari iko kwenye Tiger isiyo na siku, ile inayong'aa kabatini bila mahali, bila tarehe, bila mtu, ikawa alama ya nguvu tupu. Hiyo inamtumikia aliyeitengeneza. Kifaru chenye siku yake hakiwezi kufanya hivyo. Namba 131 ikijengwa kwa ukweli inaonyesha mashine ya kutisha iliyozuiwa na kipande cha chuma cha milimita 57, kwenye shamba la ngano la watu wengine, wiki chache kabla ya majeshi ya Ujerumani na Italia kusalimu amri Tunisia, 13 Mei 1943. Karibu na hapo, kwenye makaburi ya Medjez el Bab, wamezikwa karibu askari 3,000 wa jeshi la Uingereza na makoloni yake. Walipigana pamoja na Waingereza pia Wafaransa, na ndani ya jeshi la Wafaransa walikuwemo watu wa Moroko, Aljeria, Tunisia na Afrika Magharibi. Undani wa kazi yetu unaturudisha kwao, kwa sababu kila unapouliza kifaru kilikuwa wapi unalazimika kuuliza nani mwingine alikuwa pale.

Njia hii haijafungwa Ulaya wala kwenye vita vya 1943. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa kwa vifaru pande zote mbili. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na T-54 na T-55 za Kisovieti na Sherman za Kimarekani zilizopitia Israeli, na Walibya walileta T-55 zao hadi Lukaya, Machi 1979. Maboksi ya aina hizo yanauzwa. Kisichouzwa ni siku: barabara ipi, rangi ipi, namba ipi ubavuni, matope ya kinamasi au vumbi jekundu. Picha ni chache, lakini wapo wazee Kagera, Masaka na kwingineko waliosimama karibu na vifaru hivyo, na askari wastaafu waliovipanda. Mjenzi wa kwetu anao ushahidi ambao mjenzi wa Shizuoka au Kassel hawezi kuufikia. Kabla hujafungua gundi ya mfano wako ujao, nenda kwanza na daftari, uliza kuhusu kifaru kimoja, na uandike kila unachoambiwa pamoja na jina la mahali na tarehe.